Sekunde Arobaini za Kadiri

Kadiri hakuwa na shahada. Hakuwa na gari, wala rafiki Mwingereza, wala bosi wa kumwambia fanya hivi tangu astaafu kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Suti nyeusi hakuwa nayo mpaka alipoiazima kwa Burhani, fundi cherehani wa Galerie d'Ixelles, jengo la maduka. Saa ya mkononi hakuwa nayo pia. Aliiona ni kitu cha watu wasioaminika.

Kiingereza alikuwa nacho. Alikipata hapa Schaerbeek, Ubelgiji, kwa miaka mitatu ya masomo ya jioni, akiingia darasani mikono bado inanuka sabuni. Kwa hiyo Chama cha Jumatatu kilipoandaa siku ya redio, alitaka kazi moja tu: utangazaji.

Chama hicho ni cha wazee wa Kibelgiji waliowahi kuishi Bukavu na Bujumbura. Hukutana na watu waliohamia hapa kutoka huko ili Kiswahili chao kisishike kutu. Dirk, mwalimu mstaafu, alikuwa amekusanya vipindi vya burudani vya redio ya Waingereza vya miaka ya hamsini, vile baba yake alivyokuwa akivitafuta kwenye masafa mafupi kule Bukavu. Siku nzima ingekwenda kama zamani: dansi, kichekesho, chemshabongo, mchezo wa upelelezi. Kabla ya kila kipindi mtangazaji angeeleza kwa Kiswahili kinachokuja, maana nusu ya ukumbi haikujua Kiingereza. Asubuhi angetangaza Kadiri, na mchana Lutgarde, aliyekuwa nesi Bukavu. Kisha wasikilizaji wangechagua mmoja wa hao wawili abaki na kazi hiyo kila mwaka.

"Kwa barua," alisema Dirk. "Yenye stempu. Meseji sifungui. Kila aliye ukumbini anaandika moja."

"Hata sisi watangazaji, Papa Dirk?" Kadiri akauliza.

"Ninyi hamna masikio?"

Kadiri alikuwa amesoma kwamba watangazaji wa London walivaa suti nyeusi na tai hata kama hakuna aliyewaona. Akaja hivyo. Lutgarde alikuja na sweta ya manjano, soksi na kandambili.

"Papa Kadiri, kuna harusi?" akauliza.

"Kuna redio, Maman," akajibu.

Vipindi vilipangwa kwenye kompyuta, kila kimoja kwa sekunde yake, na kompyuta haikusubiri mtu. Kabla ya kichekesho Kadiri alipewa sekunde arobaini. Alisimama mbele ya maikrofoni, akawatazama watu hamsini, wengi wao akiwafahamu. Alikulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, na mtu wa Buyenzi haanzi habari bila salamu.

"Hamjambo?"

"Hatujambo," ukumbi ukaitikia.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Watoto? Wajukuu? Na baridi hii?"

Wakaitikia yote, na kila alipoitikiwa aliona ni ufidhuli kuishia hapo. Akageukia safu ya mbele.

"Maman Viviane, na ile nyonga yako inaendeleaje?"

Hapo hapo spika zikalipuka kwa kicheko cha Waingereza mia mbili, wengi wao marehemu sasa. Kichekesho kilikuwa kimeanza. Viviane alicheka mpaka miwani ikamwanguka. Kadiri, asiyekubali kuacha sentensi katikati, alipaza sauti akaeleza kinachokuja, huku kinachokuja kikipita. Alimaliza dakika moja kabla ya kichekesho kwisha. Watu wakampigia makofi marefu.

"Wamenipenda," alimwambia mkewe wakati wa chai.

"Wamekupenda, Baba Aziza," Zaituni akasema. "Na mie ni mmoja wao. Lakini tai imekaa upande."

Mchana, kabla ya mchezo wa upelelezi, Lutgarde alisimama na sweta yake. Alisema maneno machache, kwa Kiswahili cha Bukavu: "Muntu moja amekufa. Mu nyumba muko watu watano. Moja anadanganya. Musikilize mikono yake." Akaketi. Spika zikaleta ukungu ukumbini, na hatua za viatu juu ya kokoto. Kadiri alikuwa amejiandaa kuhesabu makosa yake ya sarufi. Alifika la nne, akasahau kuendelea. Ilipolia bastola, Zaituni alilazimika kumwomba amwachie mkono.

Kesho yake Kadiri alikaa mezani na karatasi nzuri.

"Unamchagua nani?" Zaituni akauliza.

"Kura ni siri."

"Bon, sawa. Umeandika jina lako, nimeliona."

"Papa Dirk hakukataza."

"Hakukataza pia kujipigia makofi."

Kadiri alikuwa amefika ukurasa wa pili, kwenye sifa za suti. Zaituni akavuta kiti.

"Nambie, muuaji alikuwa nani?"

"Daktari," Kadiri akajibu bila kufikiri. "Nilisikia akichelewa kuvua glavu. Lutgarde si alituambia tusikilize mikono?"

"Na kwenye kile kichekesho cha asubuhi, Waingereza walicheka nini?"

Kadiri alikumbuka kicheko, akakumbuka nyonga ya Viviane. Utani wenyewe hakuwa nao hata mmoja.

"Watu hamsini," Zaituni akasema taratibu, "na hakuna anayejua."

"Walicheka."

"Walicheka sana. Sijakataa."

Zaituni akamwachia meza. Kadiri akaichana ile barua ya kwanza, vipande vinne vilivyo sawa, akachukua karatasi nyingine. *Ndugu Dirk, salaam. Namchagua Bibi Lutgarde. Alitufanya tusikilize. Ana makosa manne ya sarufi, nimeyaorodhesha nyuma, na ashauriwe kuhusu kandambili.* Akasoma tena, akaona mistari yote imenyooka, akafurahi kwa hilo.

"Nitilie na yangu," Zaituni akasema, akimpa bahasha iliyokwisha kufungwa.

Kadiri akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Unaona kitu?"

"Karatasi nene," akakubali.

Akalamba gundi ya bahasha yake, akaikandamiza kwa kiganja, akabandika stempu ikae wima. Kisha akavaa koti, akashuka mpaka sanduku jekundu la posta la pembeni, akazitumbukiza zote mbili. Aliingiza vidole kwenye tundu kuhakikisha hazikukwama.