Kivuli cha Mlima Lubanda

Justa alianika michembe mapema asubuhi, kwa sababu ilipofika saa tisa alasiri kivuli cha mlima kiliufunika ua wake wote. Alimenya viazi vitamu, akavikata vipande vyembamba, akavitandaza juu ya turubai na kuwafukuza kuku kwa kandambili. Zamani wanawake wa Nyakaselya walianika michembe juu ya majabali ya mlima wenyewe, ikakauka upesi. Sasa majabali hayapo. Mlima nao haupo. Kilichobaki ni kivuli chake, ambacho huja kila siku jua linapoanza kuteremka, isipokuwa siku za mawingu.

Nyakaselya ni mji mdogo wa barabara moja, inayotoka upande wa Buseresere na kupita katikati ya soko, zahanati na mashine za kusaga. Watu wa kwanza kulima pale walikuwa Wazinza. Baadaye Wasukuma walifika na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga wakitafuta nyasi, wakaona mlima mmoja magharibi, mrefu kuliko vyote vya jirani, wakaamua kwamba mahali penye mlima kama ule hapawezi kupotea. Ikaja pamba, ikaondoka. Ikaja dhahabu. Wachimbaji walifika kutoka Tarime, Mbeya, Singida na kwingine, wakachimba maduara, yaani mashimo yao ya dhahabu, juu ya mlima, na usiku mji ukawa na kelele za karasha zinazoponda mawe. Mwishoni ilikuja kampuni yenye leseni. Ilizungushia mlima uzio, ikaulipua, ikaupakia kwenye malori, na mahali pake likabaki shimo ambalo watu hawaruhusiwi kulisogelea.

Hayo yote aliyafundisha mwalimu Theonest, kijana aliyemaliza chuo miaka miwili kabla na aliyekuwa akijitolea shule ya msingi akisubiri ajira. Katika somo la jiografia aliwatoa wanafunzi nje, akawaonyesha jinsi kivuli kinavyohama mwaka mzima. Desemba jua linapokuwa kusini, kilele cha mlima huangukia sokoni, na wauza nyanya hufurahi. Juni jua likiwa kaskazini, kilele huangukia upande wa pili wa mji, kwenye nyumba chache za mwisho, mojawapo ikiwa ya Justa. Wanafunzi walielewa vizuri. Walikuwa wamekulia humo.

Juu ya ukingo wa kivuli kile kulikuwa na watu watatu. Kila alasiri vivuli vyao vilionekana vikipanda kwa mstari kuelekea kilele, kisha vikatumbukia kimoja baada ya kingine kwenye pengo dogo lililokuwa mdomo wa duara. Havikutoka. Kesho yake vilipanda tena. Wa mbele alikuwa Davis, aliyetembea amejishika kiuno kama mtu anayekagua shamba lake. Wa pili alikuwa Mwita, mfupi, mwenye kofia. Wa mwisho alikuwa Makoye, mume wa Justa, aliyebeba kiroba begani kushoto kwa sababu bega la kulia lilivunjwa na fahali akiwa kijana. Walikuwa ndani ya duara siku kampuni ilipolipua mlima. Kampuni ilisema ilitangaza kwa kipaza sauti, na kwamba mlima ulikuwa mtupu.

Mji ulizoea. Majirani waliopita nyumbani kwa Justa walimwambia, "Mama Hosiana, mumeo leo amechelewa," naye akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye viazi, "Hata akiwa mzima alikuwa hivyo hivyo."

Lakini Justa alikuwa na shida moja. Hakuwa mke wala mjane. Alikuwa bado na kitambaa cheusi kichwani, nywele hazijanyolewa, matanga hayajaanuliwa, na huu ulikuwa mwaka wa tatu. Kwao, upande wa Wazinza, mtu asiyepatikana huzikwa kwa kukata shina la mgomba na kulilaza kaburini mahali pake. Alilitaja jambo hilo kwa shemeji yake Ngassa, kaka mkubwa wa Makoye, mara nyingi. Ngassa alikuwa mtu mpole, mfugaji, na hakuwa na neno baya juu ya migomba. Ila alisema hawezi kukaa mbele ya ukoo akasema mdogo wake amekufa wakati kila mtu anamwona akipita.

"Mtu anayekwenda kazini kila siku hazikwi, shemeji," alisema. "Tutaonekana tumemsingizia."

Mwalimu Theonest naye alikuwa na neno lake. Alikuwa amepiga simu ofisi nyingi hadi akaahidiwa tume ya uchunguzi. Tume ingekuja Mei. Mei ikapita, akaambiwa itakuja bajeti ikishasomwa. Bajeti iliposomwa akaambiwa inasubiri gari. Theonest hakukata tamaa. Aliamini kabisa kwamba watu wazima wenye akili, wakiketi uani kwa Justa na kuwaona wale watatu wakiingia duarani, wataandika walichokiona, na kampuni italazimika kusema ukweli.

Juni hiyo Justa aliona kitu kilichomtia unyonge. Mwaka wa kwanza kivuli cha Makoye kilipanda bila kusimama. Sasa kilikuwa kikisimama njiani, kikishusha kiroba, kikishika magoti. Kiroba chenyewe kilikuwa kimechanika. Alimwita Ngassa, akampa kigoda na maziwa mgando, wakakaa kusubiri. Saa tisa ukingo wa mlima uliingia uani, ukapanda juu ya turubai, ukapita juu ya jiko la mkaa. Davis akapita. Mwita akapita. Makoye alipofika usawa wa kisima alisimama muda mrefu kiasi kwamba Ngassa aliweka kikombe chini.

"Amechoka," Ngassa alisema.

"Nilikuambia."

Ngassa alimaliza maziwa yake, kivuli kikaufunika ua na kuvuka barabara. Kisha akauliza jembe liko wapi.

Habari za kumzika Makoye zilimfikia Theonest shuleni, akaja mbio, chaki bado mikononi. Aliwaamkia watu wote kwanza, shikamoo kwa huyu, shikamoo kwa yule, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Kisha akamwomba Justa asubiri. Tume ilikuwa imeshapata gari. Ilibaki dereva tu. Alieleza kwamba watu wa tume wakiwakuta wale watatu wanapanda, hawataweza kukataa; wasipowakuta, itakuwa kama hawakuwahi kuwepo.

Justa alimsikiliza mpaka mwisho. Alimpenda kijana yule. Ndiye aliyemfundisha mwanawe Hosiana kusoma. Alijua pia kwamba mdomo wa duara hupita juu ya ua wake siku chache tu za Juni, na kwamba ukishaondoka hapo haurudi mpaka mwaka mwingine.

"Mwalimu, wewe unaona ushahidi," alisema. "Mimi namwona mtu ambaye hajapumzika miaka mitatu."

Theonest alivua viatu, akachukua sepeto.

Walichimba kaburi pale uani ambapo mdomo wa duara uliangukia siku iliyotangulia, wakilisogeza kidogo kama Theonest alivyokadiria. Katekista alisimama kando na kitabu chake. Shina la mgomba lilikuwa limekatwa, limefungwa shuka, likiwa tayari kama lingehitajika. Saa tisa kivuli kilikuja. Mdomo wa duara ulitambaa uani polepole, ukafika juu ya kaburi, ukatoshea. Davis akaingia amejishika kiuno. Mwita akaingia. Makoye alisimama ukingoni, akashusha kiroba, akaingia nacho mkononi.

Ngassa alichungulia. Nia yao ilikuwa kumzika mmoja.

"Hawa wengine tuwatoe?"

"Uwapeleke wapi?" Justa alisema. "Fukia."

Wakafukia. Shina la mgomba halikutumika, likapewa ng'ombe. Jioni walimpigia simu mama yake Mwita, Tarime, akauliza mwanawe amelazwa kichwa upande gani. Walipomwambia alishukuru, akasema sasa ataweza kulala. Davis hakuna aliyejua ndugu zake, kwa hiyo Ngassa alisema ahesabiwe kwake. Ukoo ulikutana, ng'ombe mmoja akachinjwa, matanga yakaanuliwa, na Justa akanyolewa nywele. Siku ya pili kivuli cha mlima kilikuja kama kawaida. Ukingo wake ulikuwa mtupu.

Tume ilifika Julai ikiwa na gari na dereva. Watu wake walikuwa waungwana. Waliwekewa viti uani kwa Justa, na kwa kuwa jua lilikuwa kali walifurahi kivuli kilipofika, wakakisifu kwamba kina ubaridi mzuri. Mwenyekiti wao, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, aliangalia ukingo wa mlima kwa makini mwanzo hadi mwisho. Alikaa siku tatu. Alisema kwa haki yote kwamba mlima ameuona, lakini hakuona mtu.

Theonest alimweleza kwamba wamo kaburini. Yule mama akauliza kaburini kuna nini. Ngassa, ambaye hakuzoea kusema uongo mbele ya wageni, alijibu kwamba kuna vivuli vitatu.

"Hakuna miili?"

"Miili iko mlimani, mama."

"Na mlima uko wapi?"

Ngassa alionyesha kwa mkono wake kuelekea barabara ya malori. Tume ikashukuru kwa ukarimu. Wiki chache baadaye ilitangazwa kwamba wakati wa ulipuaji mlima ulikuwa mtupu, kama kampuni ilivyosema tangu mwanzo.

Theonest alipata ajira ya shule ya sekondari Ushetu, akahama. Kabla ya kuondoka alikwenda kuaga. Alitaka kuomba msamaha na hakujua kwa lipi. Justa alimfungia michembe kwenye mfuko, akamwambia aile na karanga, na asisahau kula kabla ya vipindi vya mchana.

Juni iliyofuata kilele kilirudi upande ule wa mji. Kaburi lilikuwa limesakafiwa kwa saruji, na kwa kuwa Nyakaselya haikuwa tena na jabali, Justa alianika michembe yake juu ya saruji hiyo, ikakauka vizuri. Alasiri mdomo wa duara ulikuja, ukatoshea juu ya kaburi, ukakaa kidogo. Hakuna aliyeingia. Upande wa magharibi, kwenye shimo, malori yalikuwa yakiendelea kupakia. Justa aliianua michembe kabla haijapata ubaridi, akaifunga kwenye gunia, akaingia ndani.