Kikwembe cha Mama Thérèse

Alitokea nyuma ya toroli za mashuka, mahali ambapo hata wafanyakazi hawapiti bila fulana ya njano. Nilikuwa juu ya ngazi nikiigombeza antena iliyokataa kukaa sawa, tena nikiigombeza kwa Kiswahili, nikidhani niko peke yangu.

"Aksanti Mungu," akasema mtu chini. "Kuko mtu anasema Kiswahili hapa."

Alikuwa mwanamke wa makamo, koti jeusi limefungwa hadi shingoni, mkoba ameukumbatia. Nilishuka. Akaniambia jina lake ni Josée, kwao Bukavu, sasa anakaa Ilford, upande wa pili wa jiji, na mama yake mzazi, Thérèse, amefariki katika nyumba ya kulelea wazee ambayo nguo zake hufuliwa hapa kwetu.

"Pole sana, mama," nikasema. "Mimi naitwa Nusra. Umepitaje getini?"

"Nilifuata gari ya mashuka. Pale mbele wananiambiaka tu, tutakupigia simu. Hawapigi."

Kiwanda hicho cha kufulia hakikuwa changu. Nilikuwa nimetoka chuo mwaka uleule, na Bwana Hemal alikuwa ameniajiri kwa majaribio katika kampuni yake ndogo iliyo juu ya duka la sari, Kingsbury Road. Hii ilikuwa kazi ya kwanza kuniachia mikononi: kufunga kisomaji kwenye lango la kutokea. Kila shuka na kila gauni lina chipu ndogo iliyoshonwa kwenye pindo. Chipu haina betri. Antena ikiipelekea mawimbi inajibu kwa kutaja namba yake, na kisomaji huituma namba hiyo kwa waya wa mtandao hadi kwenye seva. Toroli ikipita langoni, kompyuta inajua ndani mna nini bila mtu kufungua chochote. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyothubutu kumwambia mtu. Niliona kwamba kama kila kitu kingeweza kusema "nipo hapa", huzuni nyingi ndogondogo zingepungua duniani.

"Unatafuta nguo gani, mama?"

"Kikwembe. Ile ya chama." Akaniona sijaelewa. "Kule parokiani akina mama wako na chama chao. Walichapisha kikwembe yao, ya bluu, na njiwa. Mmoja akikufa, wenzake wanakuja wanamuvalisha ile yake. Kesho saa sita wanakuja kumuvalisha mama."

"Na hao wenzake hawana kingine cha kumpa?"

"Mwanangu, mtu hazikwi na ya kuazima." Alisema kwa upole, kama unavyomfundisha mtoto kushika kijiko.

Nilifungua kompyuta, nikaandika jina la Thérèse. Gauni zake zote zilikuwamo, sweta zake, hata soksi. Kikwembe hakikuwamo. Nikamwomba aniambie kilivyo, akaonyesha kwa mikono: kitambaa tu cha kujifunga kama kitenge, kipana, hakina mikono, hakina vifungo. Hapo nikaelewa. Nikatafuta upya, safari hii vitu vyote vilivyotiwa chipu kwenye ile nyumba siku aliyohamia mama yake. Katikati ya gauni na sweta palikuwa na kitambaa kimoja cha meza, cha bluu.

"Mama, aliyekitia chipu hakujua ni nguo. Amekiandika kitambaa cha meza."

"Cha meza?" Akacheka, kicheko kizito cha mtu aliyekesha. "Mama alivaa ile misa ya Pasaka, mbele ya askofu. Hawa wanaweka juu yake chai?" Akaendelea kucheka hadi nikaona kicheko kimegeuka, nikamshika bega.

Kwa kuwa kilikuwa cha meza, hakikuwa cha mtu. Kilipelekwa nyumba hii na ile ya wazee. Mara ya mwisho kompyuta ilikitaja kama kilichokataliwa, kwa sababu kilitoa rangi kwenye maji ya moto. Baada ya hapo, kimya. Vilivyokataliwa vilirundikwa stoo ya nyuma, na Balbir mwenye ufunguo wa stoo alikuwa ameshaondoka.

"Kesho asubuhi nitakitafuta," nikasema.

"Utanipigia simu?" Aliuliza kama mtu anayelijua jibu.

"Sitakupigia. Nitakuja mwenyewe kabla hawajaanza kumvika. Nikikipata, nisipokipata, nitakuja nikwambie kwa mdomo wangu."

Akatoa kalamu mkobani, akaniandikia mahali mwili ulipo.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya wenye kiwanda kuja kulijaribu lango. Nililijua hilo nilipokuwa naahidi. Nilidhani nitawahi kote.

Hatukuwa na kisomaji cha mkononi, kwa hiyo asubuhi niliifungua antena moja langoni, nikaunga waya mrefu na kuivuta hadi stoo. Nilikiamuru kisomaji kisikilize namba moja tu, nikapandisha nguvu ya mawimbi hadi mwisho. Taulo mbichi huyameza mawimbi, na chuma cha toroli huyarusha kokote. Namba ilitokea kwenye skrini, ikapotea. Nikasogea, ikatokea tena. Moyo ulinidunda kama niliyeitwa jina.

"Injinia," sauti ya Bwana Hemal ikaja nyuma yangu, "mbona lango yangu imebaki na jicho moja?"

Ni mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake hakijawahi kuhama huko.

"Nimeazima antena, Hemalbhai."

"Umeazima. Wageni wako njiani, na wewe unaazima." Akangoja. "Haya, sema."

Nikamweleza. Alivua miwani akaifuta kwa tai, ingawa haikuwa chafu.

"Mama yangu alienda na sari yake ya harusi," akasema. "Dada zangu walipigana mpaka ikapatikana. Lakini Nusra, hii lango ndiyo mshahara yako. Rudisha hiyo kitu kabla hawajafika."

Namba ilinipeleka kwenye pembe ya stoo, hadi kwenye gunia la matambara. Nililimwaga sakafuni. Walikuwa wamekikata. Vitambaa vilivyokataliwa hukatwa vipande vya kufutia mashine, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kukibakiza kimoja. Kipande chenye chipu kilikuwa na pindo na bawa la njiwa. Nikachambua gunia kwa mikono, nikapata kipande cha pili, na cha tatu kilichoanza kunuka grisi. Kilichobaki sikukipata.

Nilipiga magoti pale nikiwa na vipande mapajani. Kisomaji kiliendelea kulia mlio wake mdogo wa furaha, kwamba kimepata, kimepata, hadi nikakizima.

Niliirudisha antena langoni, lakini antena iliyoondolewa lazima ipimwe upya, la sivyo inasoma hata toroli iliyosimama pembeni na kuhesabu nguo za watu wengine. Kuipima kungenichukua asubuhi yote iliyobaki.

"Si umpigie simu tu?" Bwana Hemal akauliza. "Umwambie ukweli, utume hivyo vitu kwa teksi. Ni habari mbaya, Nusra. Habari mbaya haiharakishwi."

"Nilimwambia nitakuja."

"Ukitoka sasa, wakiuliza nani alifunga hii, nitawaambia. Sitakuficha."

"Najua."

Halafu akaenda kwenye rafu, akarudi na mfuko mpya wa nguo safi. "Usimpelekee mama wa watu kwa gunia," akasema, akageuka kwenda kuwapokea wageni.

Kwenye treni nilikifuta kile kipande cha grisi kwa vitambaa vya majimaji vya kufutia mikono, rangi ikanibaki vidoleni. Kuanzia Bond Street simu ilianza kutetemeka mfukoni; nilijua ni kiwandani, sikuitoa. Kabla ya Ilford ilikuwa imenyamaza.

Nje ya chumba alimolazwa Mama Thérèse, wanawake wanne walikuwa wamekaa kwenye viti vya ukutani, wamejifunga vikwembe vya bluu juu ya suruali za kazi. Walikuwa wachache kuliko nilivyofikiria. Josée alisimama aliponiona, akautazama mfuko, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sitaki kuiona tena kwa mtu.

"Nimekipata, mama," nikasema haraka, ili asiendelee kutumaini. "Lakini wamekikata. Nimepata vipande vitatu. Kingine nimekitafuta, sikukiona."

Josée alichukua kipande chenye bawa, akakiinua hadi puani.

"Haina harufu yake," akasema. "Ni sabuni tu."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Si wewe." Alikikunja, akakikunjua. Mmoja wa wale wanawake akaanza kutafuta sindano kwenye mkoba, mwingine akamwambia aache, kitalazwa kifuani hivyohivyo, chini ya mikono. Wakabishana kwa sauti ya chini. Josée hakuwasikiliza.

"Njia yote hiyo," akaniambia. "Na kazi?"

"Nitaiulizia kesho."

Akatikisa kichwa polepole, akanipa kile kipande nimshikie, akaanza kuvua koti ili aingie kwa mama yake.