Sauti ya Shangazi

"Hivi wewe siku hizi unaongea kwa koo la nani?" jirani alimuuliza Redio siku moja wakianua nguo. Redio akasema ni la Shangazi wa kazini, kaliazima tu. Jirani akasema afadhali, akaendelea kukunja nguo zake.

Redio walimbandika jina hilo kwa sababu ya kigugumizi. Alikuwa akikatika katikati ya neno. Alipiga pasi mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja, na msimamizi wao alikuwa Shangazi, mama mtu mzima asiyejua kufoka. Mjamzito akivimba miguu, Shangazi ndiye aliyeshika pasi yake.

Siku wanawake wenzake walipomtuma Redio kumwomba meneja viti, maneno yakamkwama. Shangazi akakoholea leso, akaikunja, akampa. Ilikuwa na joto kama kitambaa kilichotoka kwenye pasi. Redio akaipeleka mdomoni, na sauti ikaingia. Jioni akairudisha, na Shangazi, aliyeshinda bubu, akaweza kusema tena.

"Zoea kwanza kusikilizwa, mwanangu," Shangazi alimwambia. "Kusema kwenyewe kutakuja."

Ikawa ndiyo kawaida yao. Siku nyingine mabaki ya sauti yalisalia kooni, Redio akifika nyumbani anamwita mama yake mzazi "mwanangu", na mama anaitika.

Asubuhi moja meneja alikuja, akamsikiliza Redio akiomba tena viti, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Wewe unajua kuongea. Huyu mama siku hizi ananitumbulia macho tu. Kuanzia kesho msimamizi ni wewe, yeye akapumzike nyumbani kwake." Akaweka funguo za stoo mezani. Habari ya viti hakuigusa.

Redio akachanganyikiwa. Akikataa kwa sauti ile, meneja atazidi kuipenda. Akikubali, itakuwa Shangazi amejifukuza kwa sauti yake mwenyewe. Akamtazama Shangazi. Shangazi akatabasamu, na Redio hakujua kama ile ni ruhusa au kwaheri. Alimwomba Mungu kimoyomoyo, wala moyo haukutulia.

Mwishowe akakoholea leso, akamrudishia mwenyewe.

"Si... si... sitaki, bwa... bwana. Hi... hii sau..."

Meneja akatazama saa.

"Msubiri amalize, mwanangu," Shangazi akasema. "Yuko njiani."

Wapiga pasi wote walikuwa wameinua pasi zao, wakingoja. Redio alikuwa amefika kwenye "Sha..." meneja alipozoa funguo zake mezani, akatoka.