Karatasi Kumi na Sita Tupu

Bwana Absalom aliletwa kwenye kiwanda chetu cha uchapishaji mwaka 1987 ili apunguze taka. Kilikuwa kiwanda kidogo karibu na stesheni ya reli ya Kisumu, na chumba cha kukunja na kushona majarida kilikuwa na watu watatu tu: mimi Kageha, Nakhungu, na Opiyo wa mashine ya kukata. Bwana Absalom alikuwa amesoma kozi ya wiki mbili Nairobi. Cheti chake alikitundika ukutani kabla hajauliza choo kiko wapi.

Siku ya kwanza aliazima mizani ya samaki kutoka sokoni. Akaning'iniza gunia la vipande vilivyokatwa, akalitazama likiyumba pale kama samaki mbuta, akatikisa kichwa.

"Hii yote ni karatasi mmeua," akasema.

"Hizo ni kingo, Bwana," Opiyo akamwambia. "Jarida likishapigwa pini lazima likatwe pande tatu. Bila hivyo litatoka na ndevu."

"Ndevu zinanyolewa, ndugu yangu. Hazing'olewi pamoja na kidevu."

Alicheka peke yake. Kisha akaenda kuagiza mabango mia mbili ya kutuhimiza tusipoteze karatasi, na akataka yachapwe kwenye karatasi nzuri kuliko zote stoo. Mawili yalibandikwa kwenye mlango wa choo, moja nje na moja ndani, labda kwa yule ambaye angesahau akiwa ameketi.

Kazi yetu kubwa ya kila mwezi ilikuwa Mkeka Wetu, jarida la akina mama wa kanisa, kurasa sitini na nne. Hizo ni karatasi kumi na sita. Kila moja hukunjwa mara moja katikati, zikavikwa moja ndani ya nyingine, zikapigwa pini mgongoni. Sasa, karatasi ina unene. Ile ya ndani kabisa husukumwa na zilizoifunika mpaka inachungulia mbele ya wenzake. Kisu cha mashine hakijui hilo. Kinakata zote sawasawa, na ukurasa wa katikati ndio unaopoteza zaidi.

Kwa sababu hiyo Nakhungu, kabla ya kila toleo, alichukua karatasi kumi na sita tupu, akazikunja kwa mfupa wake wa ubavu wa ng'ombe, akazivika, na Opiyo akazikata. Halafu alizifungua na kupima kwa rula ni ukurasa gani umepungua na kwa kiasi gani. Vipimo hivyo aliwapelekea watu wa filamu, wale wanaopanga kurasa kabla ya kuchapwa, nao wakasogeza maandishi ya kurasa za ndani kuelekea mgongoni. Kwa miaka tisa sikuona herufi hata moja ikikatwa. Karatasi kumi na sita kwa nakala elfu nne.

Bwana Absalom alimkuta akifanya hivyo mwezi wa pili.

"Mama, hizi hazina hata nukta moja ya wino. Unashona hewa?"

"Napima, Bwana."

"Unapima nini? Si ulipima mwezi jana? Karatasi ni karatasi."

"Ya mwezi jana ilikuwa nyepesi. Hii ni nzito. Halafu mvua imenyesha, imevimba kidogo."

"Imevimba! Kwani ni andazi?"

Akamwandikia barua ya onyo. Mwezi uliofuata alimkamata tena, karatasi zake amezificha chini ya leso, akamwandikia ya pili. Kila mtu pale alijua barua ya tatu ni ya kwenda nyumbani. Nakhungu alikuwa mjane, na watoto wake watatu walikula kwa kazi ile, wote katika chumba kimoja huko Nyalenda. Siku ya barua ya pili, wakati wa chai, Opiyo aliukata mkate wake katikati, akaweka nusu kwenye meza ya Nakhungu, akarudi kutia mafuta mashine yake. Aliyeziandika barua hizo hakuona. Yeye alikuwa akipima gunia.

Kisha akatoa amri mpya. Karatasi za Mkeka Wetu zikatwe ndogo zaidi tangu mwanzo, na maandishi yasogezwe mpaka karibu na ukingo, ili kisu kisiwe na kitu cha kutupa.

"Katikati itakatika, Mama Kageha," Nakhungu aliniambia kwa sauti ya chini.

"Mwambie."

"Nimwambie anipe ya tatu?"

Nikaenda mimi. Bwana Absalom alinisikiliza huku akichokonoa meno kwa kibanio cha karatasi.

"Mama," akasema, "wewe ni mtu wa gundi na pini, na kazi yako ni nzuri. Mambo ya hesabu tuachie sisi."

Tukakunja. Opiyo alipokata nakala za kwanza, alimpelekea moja mkononi. Bwana Absalom aliangalia jalada, akalinusa, akasema ni safi kabisa.

"Fungua katikati, Bwana," Opiyo akamwambia.

"Nani ana wakati wa kusoma mambo ya akina mama? Gari la kanisa linangoja. Kata!"

Opiyo akakata zote elfu nne. Ijumaa hiyo gunia lilikuwa jepesi kuliko siku zote, na Bwana Absalom alilitazama kama baba ambaye mtoto wake amekuwa wa kwanza darasani.

Wiki iliyofuata akaja Mama Maximilla, msimamizi wa jarida. Alikuwa na kila sababu ya kuingia akipiga kelele. Badala yake alisimama mlangoni akatuuliza, "Mmeamkaje? Mmekula?" Kisha akaketi kwenye kiti changu, akafungua Mkeka Wetu ukurasa wa thelathini na tatu, akauweka mezani.

Ulikuwa ukurasa wa wanawake waliomaliza kisomo cha watu wazima mwaka ule. Kila mstari ulianza na mahali, Usenge, Ahero, Asembo Bay, ukaishia na jina la mtu. Na kila jina lilikuwa limekatwa mkia.

"Kuna mama wa Usenge anayeanika dagaa wa omena," Maximilla akasema. "Ana miaka sitini na moja. Jina lake ni Dorca, na amejifunza kuliandika mwaka huu huu. Nilimpa jarida mwenyewe, mkononi. Akafuata herufi kwa kidole. D, o, r. Akatafuta zile zingine. Halafu akaniuliza kama mwalimu alimfundisha vibaya."

Nakhungu alifunika mdomo kwa mkono.

Bwana Absalom alikuwa ameshafika. Alitazama ukurasa ule kwa mara ya kwanza, na nilimwona akitafuta haraka pa kuutupa mzigo. Hakutafuta mbali.

"Ni wakunjaji, Mama. Huyu hapa nimeshamwonya mara mbili. Leo anaondoka."

Kwa kuandika barua alikuwa mwepesi, hilo siwezi kumnyima. Tulisikia taipu ikilia ofisini, akarudi na karatasi moja. Ilisema Nakhungu amekunja vibaya toleo zima kwa uzembe. Chini kulikuwa na nafasi ya shahidi, mfanyakazi mkubwa wa chumba kile. Yaani mimi. Akanipa kalamu.

Niliisoma polepole, kwa sababu ndivyo ninavyosoma.

"Bwana, hapa umeandika amekunja vibaya," nikasema. "Mimi nimeketi kando yake miaka tisa na sijui kukunja vibaya ni kupi na vizuri ni kupi. Siwezi kutia sahihi kitu nisichokijua. Kunja wewe, nione vizuri."

"Mama, sina wakati wa mchezo."

"Mimi ninao," Maximilla akasema. "Kunja, Bwana."

Nikamhesabia karatasi kumi na sita tupu. Alivua koti. Alikunja ya kwanza kama mtu anayekunja suruali, akaifungua, akaikunja tena. Ya tano ilimkata kidole. Nakhungu, ambaye alikuwa karibu kufukuzwa na kidole hicho hicho, alimpa kitambaa chake akifunge. Ndivyo alivyokuwa. Mwishowe zote zikavikwa, nikazipiga pini, na Opiyo akazikata kwa uangalifu kama anayemnyoa askofu.

"Vizuri hivyo?" nikamuuliza.

"Vizuri sana," Bwana Absalom akasema akipangusa jasho. "Mnaona? Si kazi ngumu."

Maximilla alitoa pini kwa kucha. Akachukua karatasi ya katikati, akailaza juu ya karatasi ya nje, akalinganisha mikunjo. Ile ya katikati ilikuwa imepungua kila upande, upana wa herufi mbili.

Treni ya mizigo ilikuwa ikipangwa nje, mabehewa yakigongana.

"Hii umekunja vibaya?" Maximilla akauliza.

"Hapana. Mimi nimekunja..."

"Umekunja vizuri. Umesema mwenyewe. Basi mbona imepungua?"

Bwana Absalom alizitazama zile karatasi mbili kama mtu anayetarajia zimtetee.

"Labda ni unyevu," akasema. "Karatasi huvimba."

Opiyo akageukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka kwa kicheko.

"Yawa, jamani," Maximilla akasema, akasimama na kuning'iniza mkoba wake begani. "Mtachapa toleo lote upya, na si sisi tutakaolipa. Na halitachapwa kabla mama huyu hajapima. Akiondoka yeye, Mkeka Wetu inaondoka naye, natafuta kiwanda Nakuru." Akamshika Nakhungu mkono. "Nyathina, mwanangu, Dorca anangoja herufi zake mbili. Usiharakishwe na mtu."

Alipokwisha kutoka, Bwana Absalom alianza kuikunja ile barua ili aitie mfukoni. Aliikunja vibaya.

"Na hiyo, Bwana?" Nakhungu akauliza. Sauti yake haikuwa na kiburi hata kidogo. Alitaka kujua kama ana kazi au hana.

"Hii? Hii ilikuwa... nakala ya kufikiria tu."

Nakhungu akanyoosha mkono, naye akampa. Nakhungu aliisoma yote mpaka mwisho, akaigeuza upande usio na maandishi, akaiweka mezani. Akavuta zile karatasi kumi na sita, akazipanga kuanzia ya nje.

"Nishikie rula, Bwana. Hapa, kwenye mkunjo. Usisukume."

Bwana Absalom akainama, akashika. Nakhungu akaanza kuandika vipimo nyuma ya barua, ukurasa kwa ukurasa, bila kuharakishwa na mtu.