Mkono Mfukoni

"Kuni tumeziona, Shigela! Kuni hatujazikataa. Tunachouliza, wewe mwenyewe ulikuwa wapi?"

Luhende alikuwa amelishika geti la jirani yangu kwa mikono miwili, kama anapima litang'oka au halitang'oka. Ni mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana hapa Buhongwa, na akianza kusema, mtaa wa pili wanasikia. Mimi nilikuwa upande wangu wa michongoma nachambua dagaa. Dagaa wenyewe nilishawachambua tangu asubuhi, lakini ningeingiaje ndani wakati mambo yako nje?

"Nilikuwa na mgonjwa," Shigela akajibu. Alisimama mlangoni kwake, mkono wa kushoto mfukoni, kama kawaida yake.

"Mgonjwa wako tunamjua, Hellen ni dada yetu. Lakini Mzee Antoni tumemzika jana, ngosha wenzako, wanaume wazima, wameshika shoka tangu asubuhi, wewe unatuletea mafungu matatu kwenye mkokoteni halafu unapotea. Msiba wa tatu huu!"

"Mafungu yalikuwa makubwa. Na yamepasuliwa vizuri."

"Na mashine! Mimi nataka jasho lako, unaniletea jasho la umeme!"

"Sasa mwenyekiti, ugali ukiiva unajua kuni zilipasuliwa na nani?"

Waliosimama njiani wakacheka. Luhende hakucheka. "Toa mkono mfukoni unapoongea na mimi," alisema, safari hii kwa sauti ya chini.

Shigela hakuutoa. Aligeuka, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Niseme mapema, maana watu wa hapa watasema hata nikinyamaza: hilo jina la Bosi Mkono Mfukoni wanalomwita Shigela nililianzisha mimi. Kwangu hapakosi watu. Mtu anakuja kuomba chumvi saa tatu, saa sita bado amekaa, kikombe cha tatu. Siku moja Shigela alipita akienda lindoni, maana ni mlinzi wa ghala barabara ya Shinyanga, nami nikasema, "Jamani mtazameni, anatembea kama ghala ni lake." Walicheka, na jina likakaa.

Halafu ikaja mashine. Aliuza ng'ombe wawili kwao Misungwi, akaenda mjini na Perez, fundi umeme wetu, Mjaluo wa Rorya. Mke anaumwa saratani, mume ananunua mashine ya kupasulia kuni! Hilo tulilitafuna wiki nzima. Perez mwenyewe alikuja kutusimulia kwangu, kakalia ndoo.

"Nikamwambia, mzee, ya petroli ina nguvu, lakini utavuta ile kamba mpaka bega likulaani, na moshi wake na mgonjwa wapi na wapi. Chukua hii ya umeme, tani saba, kwa mikaratusi yako inatosha. Ila waya nunua mnene, mwembamba utakuunguzia mota. Skrubu ya hewa ilegeze kabla ya kazi, ukimaliza kaza. Mafuta angalia kila mwezi. Gogo lenye fundo likiishinda usilazimishe, ligeuze. Anasikiliza kama yuko darasani! Mwisho ananiuliza, 'Ya mkono mmoja hamna?'"

"Ya mkono mmoja?" nikauliza.

"Hii ina vishikio viwili, mama. Unabonyeza vyote kwa pamoja, ndiyo kile chuma kisukume gogo kwenye kabari. Wametengeneza hivyo kusudi, ili mikono yote iwe mbali. Nikamwambia, sasa mzee, huo mwingine unataka ushike soda?"

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. "Hata mashine imeshindwa kuutoa mfukoni!" nikasema. Katika watu tisa waliokaa pale, hakuna aliyeuliza kwa nini mtu mzima aulize swali kama lile.

Magogo aliletewa kwa lori kutoka shamba la wakwe zake ng'ambo ya kivuko cha Busisi, akayapanga nyuma ya nyumba. Mashine aliitunza, hilo hata adui yake atakubali. Kila baada ya kazi aliifuta kwa kitambaa, akapaka kabari grisi, akaifunika turubai na kuweka mawe pembeni. "Anaifunika kuliko anavyomfunika mke wake," alisema mmoja wetu. Simtaji, kwa sababu huyo naye ni mimi.

Wiki moja kabla ya ule ugomvi wa getini nilikwenda kumwona Hellen. Alikuwa amebaki macho tu. Hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani, na kinachokuja kila mtu alikijua. Akanishika kanga.

"Dada, chama wakimwondoa Shigela, mimi nitazikwa na nani?"

"Usiseme hivyo, mdogo wangu."

"Ndugu zangu watavuka Busisi wakute uwanja mtupu? Wakute hakuna hata moto?" Akavuta pumzi. "Shigela si mtu wa kiburi, dada. Ni vile..."

Nilisogeza sikio karibu, msinilaumu. Lakini Shigela aliingia na ndoo ya maji ya moto mkono wa kulia, wakatazamana, na Hellen akalimeza lile neno.

Jumapili iliyofuata ugomvi, chama kilikaa. Kanuni yetu ni fupi: nyumba ikifiwa, kila nyumba inatoa kuni na mtu wa kuzipasua. Misiba mitatu bila mtu, umejitoa mwenyewe, na siku yako ikifika hutamwona mtu. Luhende akasema wanaokubali Shigela aondolewe wanyooshe mikono. Nilitazama huku na huku, nikaona imenyooshwa mingi. Nikanyoosha.

Hellen alikufa siku kumi na nne baadaye, Jumapili nyingine, saa nne asubuhi. Nilijua kwa sababu Shigela alitoka uani, akasimama, akarudi ndani, akatoka tena, bila kulia wala kuita mtu. Angemwita nani? Nikakimbia kwa Luhende nikamkuta bado na suti ya kanisani.

"Mwenyekiti, Hellen amekwenda."

Alivua kofia. Kisha akasema, "Kanuni ni kanuni, Mama Malimi. Na wewe ulinyoosha. Alitaka mashine, basi mashine imzikie."

Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni. Mara ya kwanza katika miaka mingi, kwangu hakukuwa na mtu. Kila mmoja alikuwa kwake amejifungia, kama vile kifo kile ni mvua ya kupita.

Saa sita nikaisikia. Ile mashine huwa haipigi kelele nyingi, inavuma kama friji bovu, halafu unasikia gogo linapasuka, tah! Ikavuma. Tah. Ikavuma. Tah. Shigela alikuwa anapasua kuni za msiba wa mke wake peke yake, na Hellen amelala ndani peke yake.

Nikaenda kwenye michongoma, nikapanua matawi.

Hapo ndipo nilipouona mkono wa kushoto, nje ya mfuko, kwa mara ya kwanza. Ulikuwa unaning'inia kutoka begani kama mkono wa koti. Alilisukuma gogo kwa goti, akalisawazisha kwa mkono wa kulia. Kishikio kimoja cha mashine kilikuwa kimefungwa chini kwa mpira wa tairi la baiskeli, umezungushwa mara nyingi na kukazwa sawasawa. Kile cha pili alikibonyeza kwa mkono wa kulia. Basi. Ndivyo alivyokuwa anafanya miezi yote, huku sisi tunacheka.

Aliinama kuchukua gogo jingine. Aliposimama, ule mkono mfu ulibaki umelala juu ya mashine, kati ya gogo na kabari. Yeye alikuwa anatazama dirisha la chumba alimolazwa Hellen. Akabonyeza.

"Shigela! Mkono!"

Aligeuka kunitazama mimi, si mkono. Mashine ilikuwa inavuma bado. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Hakuwa anasikia maumivu yoyote. Alipotazama chini hatimaye, alitazama kama mtu anayeona kitu cha jirani kimeanguka uani kwake.

Michongoma ilinichana mikono na uso. Niling'oa waya kwenye soketi, mota ikanyamaza, lakini chuma hakikurudi nyuma. Mpira ulikuwa bado umekibana kishikio, na chuma kikabaki palepale. Nikapiga yowe ambalo nadhani lilifika Misungwi. Luhende alikuwa wa kwanza kufika, na suti yake. Aliona mpira. Alimtazama Shigela, akautazama tena mpira. Alichukua panga lililokuwa kwenye kuni, akaukata, na chuma kikarudi polepole.

Vidole vitatu havikuwa vidole tena.

"Tangu lini?" Luhende aliuliza. Alikuwa amepiga magoti, anafunga damu kwa tai yake.

"Tangu Februari. Nilianguka lindoni. Mkono huu ukafa."

"Na hukusema?"

"Ningesema ghala wasikie? Mlinzi wa mkono mmoja nani anamtaka? Na bima ya Hellen ilikuwa ya kazini." Alisema yote hayo kwa sauti ileile, kama anasoma tangazo. "Nikija msibani mngenipa shoka."

Bajaji ikaja. Akakataa kupanda. "Nikiondoka nani atakaa naye?"

"Nitakaa mimi," nikasema.

"Tutakaa wote," Luhende akasema. Ndipo Shigela akapanda, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mpaka jioni uwanja ulijaa. Watu walikuja na mashoka, wakatandika maturubai, wakawasha moto. Ndugu za Hellen walivuka Busisi wakakuta uwanja umejaa na sufuria ziko motoni, na mmoja wao akaniambia, "Wabeja, asanteni, mmemtunza dada yetu." Niliitikia kwa kichwa nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Perez alikuja kuifunga mashine. Aliikagua muda mrefu. "Mafuta yapo kwenye alama," alisema bila kumtazama mtu. "Skrubu ya hewa kailegeza inavyotakiwa. Waya mnene. Hakuna nilichomwambia ambacho hakukifanya." Akafuta kabari kwa kitambaa cha Shigela mwenyewe, akaifunika turubai, akarudishia yale mawe.

Tulimzika Hellen Jumanne saa nane. Tuliporudi, watu wakapanga foleni ya chakula, ugali, maharage na sato. Luhende hakupanga. Alivua shati, akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kupasua magogo. Kuni zilikuwa zimebaki rundo, zingetosha misiba miwili, lakini aliendelea tu. Nilimpelekea sahani, akasema ameshiba. Tangu Jumapili sikuwa nimemwona akitia kitu mdomoni. Watu wakaanza kutazama, na mimi najua mtaa huu ukianza kutazama kinachofuata ni nini.

Shigela aliinuka kwenye kiti chake. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, umening'inizwa shingoni, kila mtu anauona. Alichukua jagi la maji kwa mkono wa kulia. Akatazama beseni lililokuwa chini, na jagi, na beseni tena. Kwenye nyumba ile Hellen ndiye aliyekuwa anashika beseni.

Nikaliokota. Tukaenda wote mpaka nyuma ya nyumba.

Luhende alisimamisha shoka. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka tumboni. "Shigela, mimi..."

"Usiniambie leo. Leo sina nafasi ya kuyasikia." Aliinua jagi. "Ila ukiondoka kwangu bila kula, kesho watapata neno jingine. Tumeshasemwa ya kutosha kwenye nyumba hii."

Luhende aliweka shoka chini. Akanyoosha mikono yake miwili juu ya beseni, na malengelenge yake.

Shigela akammiminia maji. "Nawa, mwenyekiti. Uingie ndani ule."