Sauti ya Kifaranga

Mlango wa nyuma wa kiwanda chetu cha mashati ulipigwa kufuli siku ya Jumanne, miaka mitatu iliyopita. Ijumaa yake cherehani moja ikashika moto, tukakanyagana. Meneja akapanda juu ya meza ya kukatia, tumbo mbele, akatuapia: "Mlango utafunguliwa kesho!" Nikamrekodi kwa simu. Tangu hapo, kila tukimkumbusha, anakana. Eti sisi ndio wenye masikio mabovu. Mimi sisahau, ndiyo maana wananiita Daftari.

Safari hii tuliitisha mkutano saa saba, wakati wa chakula. Wenzangu arobaini walikubali kusema mbele ya simu yangu, kwa sharti moja: sura zifichwe, sauti zibadilishwe. Atakayetambulika, kazi hana. Mwisho wa video ningeweka kipande cha meneja kama kilivyo, sura yake na sauti yake, ndio ushahidi wetu pekee. Kisha kura: kufuli litoke, la sivyo cherehani zisimame.

Kuhariri video nilijifundisha mwenyewe, kwa hasira na kubahatisha. Saa sita ilinikuta stoo, juu ya marobota ya vitambaa, kompyuta ya kuazima mapajani. Namwekea mmoja ukungu usoni, nageuza sauti yake iwe nyembamba, nahamia kwa mwingine. Nilikuwa nimemaliza watu kumi na mmoja.

Shangazi yangu, mkataji mkuu, akaingia kufuata robota.

"Wewe! Bado uko hapo hapo?"

"Shangazi, kila mtu na kipande chake. Lazima niwavalishe mmoja mmoja."

"Nani kakuroga? Mimi nikitaka kola arobaini, natandika vitambaa arobaini, nakata mara moja. Hiyo kompyuta yako haijawahi kuona mkasi?"

Nikacheka kwa dharau. Kisha nikaacha kucheka. Nikanakili ukungu na sauti kutoka kipande cha kwanza, nikachagua vipande vyote kuanzia juu hadi chini, nikabandika. Ukungu ukawashukia wote kwa mpigo! Shangazi akataka kupiga vigelegele, nikamziba mdomo kwa kola. Tukarukaruka juu ya marobota kama watoto waliofunga shule. Kukagua? Nani alikuwa na akili ya kukagua!

Bwaloni, meneja alikuja bila kualikwa, akasimama mlangoni na mikono kifuani. Watu wakainamia sahani. Nikarusha video ukutani kwa projekta, na wale arobaini wakasema kwa visauti vyao.

Halafu akatokea mtu asiye na sura, juu ya meza ya kukatia, tumbo mbele, akalia kama kifaranga: "Mlango utafunguliwa kesho!"

Nilikuwa nimemvalisha na yeye! Ushahidi wa miaka mitatu, kwisha.

Mtu mmoja wa upande wa pasi akaguna puani. Mwingine akapaliwa. Mara bwalo zima likalipuka. Dada wa vifungo akaanguka kutoka kwenye benchi.

"Rudia!" akapiga kelele shangazi.

Nikarudia. Mara tatu.

"Upuuzi!" meneja akanguruma. "Hiyo si sauti yangu!"

"Kwani huyo ni wewe, bosi?" shangazi akauliza kwa upole wa kutisha. "Mbona hatuoni sura?"

"Ni mimi! Hamuijui suti yangu? Mmeniharibia sauti! Mimi nilisema kwa sauti nzito, ya kiume: Mlango utafunguliwa kesho!"

Hata yeye akasikia kwamba amekiri mwenyewe.

"Ahsante, bosi," akasema shangazi. "Hiyo kesho imechelewa miaka mitatu. Naomba ufunguo."

Sikuwahi hata kutangaza kura. Mikono ilishapanda yote, na wale arobaini walisimama na sura zao wazi, wanafuta machozi ya kicheko. Meneja akaangalia mikono, akaangalia saa, akatoa ufunguo.

Kufuli lilikuwa na kutu. Tukalinywesha mafuta ya cherehani hadi likakubali. Mchana ukaingia. Tukatoka, tukaingia, tukatoka tena, bila sababu yoyote, na kila aliyevuka kizingiti alilia kwa kisauti chembamba: "Kesho! Kesho!"