Kisu cha Viazi

Machi 1994, Épiphanie aliokota kisu cha kumenyea viazi kwenye rundo la vyombo vya mitumba sokoni Nyabugogo, akakigonga kwa ukucha, kikalia. Chuma safi, bei ya kutupa. Alipofika kwa mnoaji alikuta foleni ya wanaume, kila mmoja na panga jipya. Mnoaji alikuwa akiyanoa pande zote mbili. Panga la shamba hunolewa upande mmoja tu!

Mbele yake alisimama Silvère, jirani yake, fundi cherehani asiye na hata mgomba mmoja. Akajikaza kutania.

“Jirani, umenunua shamba?”

Silvère alikitazama kile kisu kidogo, akatabasamu.

“Pita mbele, Mama Ingrid. Chako hakichukui muda. Sisi tutakukuta nyumbani.”